Nyongeza ya Upepo

Kinu cha upepo kilikuwa kimelala kifudifudi katikati ya mihogo na mawe, mapanga yake mawili yamezama ardhini, na la tatu limesimama juu kama mkono wa mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema mkutanoni. Sajenti Benedikta aliuzunguka mnara bila kugusa kitu, akarudi tena kwa upande wa pili, polepole, sketi yake ya kaki imelowa umande mpaka magotini. Mwenyekiti Raymundi alimfuata nyuma akiwa ameikunja mikono, kama mtu aliyesubiri ibada imalizike ili aseme yake.

"Sajenti, sitaki kukufundisha kazi," alisema hatimaye. "Lakini mtu tunaye. Ngollo yuko stoo ya mbolea, mgambo wako mlangoni. Msumeno wake wa chuma umeokotwa hapa hapa, una alama yake kwenye mpini. Leo jioni treni ya Kigoma inapita kwenda Tabora. Mpandishe tu. Hayo mengine mtaulizana naye huko huko."

"Nimpandishe kwa kosa gani?"

"Hujuma. Kosa gani tena?"

Miaka ile, watu wamekwisha kuhamishiwa vijijini na kila chombo cha umma kinahesabiwa kama mboni ya jicho, neno hilo lilikuwa zito. Mtu akipandishwa treni nalo shingoni, jirani zake walianza kuulizana nani atachukua majembe yake. Na Ngollo hakuwa na majembe tu. Alikuwa na bani, banda la kukaushia, limejaa tumbaku mbichi, moto uko chini, jasho lake la mwaka mzima linaning'inia humo ndani kwenye miti. Tumbaku ikiwa motoni haimngoji mtu atoke mahabusu.

"Nani alikuwa na ugomvi na kinu hiki?" Sajenti aliuliza.

"Yeye peke yake! Uliza kijiji kizima cha Tumaini. Hapa kwetu, mwenye betri ya taa anaweza kuijaza mahali pawili. Kwa Navin, pale kwenye mashine ya kusaga, umeme wa dizeli. Au kwa Damas, kibanda cha upepo. Kwa Damas unatoa kile kile unachotoa kwa Navin, halafu kila mavuno unaongeza debe la mahindi. Ndiyo nyongeza ya upepo. Wote tulikubali. Zahanati ilikubali, mwalimu alikubali, wajane walikubali. Ngollo akasimama mkutanoni akasema upepo amekuwa akiupumua bure tangu azaliwe, na Mungu hajawahi kumdai."

"Watu wakasemaje?"

"Walicheka. Hilo ndilo lililoniuma."

Sajenti Benedikta alichuchumaa kwenye nyaya nene zilizokuwa zimeushikilia mnara. Zilikatwa tatu, upande mmoja tu, upande wa juu wa mteremko, ili mnara uangukie kwenye mawe. Aliyekata alijua anataka uangukie wapi. Alipapasa ncha: chuma kimekatwa taratibu, kwa subira, si kwa hasira. Kazi ya sehemu kubwa ya usiku.

"Damas," aliita.

Mtunza kinu alikuwa amesimama pembeni, kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi. Alikuja haraka.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba. Usiku wa kuamkia jana ulikuwa wapi?"

"Kwenye bani langu, Afande. Ulikuwa usiku wa kukazia tumbaku rangi, sikubanduka motoni. Mvua ilikuwa kubwa, sikusikia hata kishindo. Asubuhi ndiyo nikaja nikakuta hivi." Aliutazama mnara. "Mimi ndiye niliyepelekwa kusomea mashine hii. Ni kama wameua mtoto wangu."

"Pole. Na kinu kilikuwa kinafanya kazi vizuri mpaka juzi?"

"Vizuri sana. Muulize yeyote."

Dainamo ilikuwa imevunjika ganda kwenye mawe, matumbo nje. Sajenti alipiga magoti, akaingiza vidole viwili kwenye uwazi kati ya kile kinachozunguka na kile kilichotulia. Aligusa kitu kikavu. Alikitoa bila haraka, akakiweka kwenye kiganja: donge la udongo wa kijivu, gumu, lina matundu madogo yaliyopangana kama filimbi.

"Hiki ni nini?"

Mwenyekiti alichungulia. "Nyumba ya nyigu. Wako kila mahali, hata kwenye redio yangu."

"Matundu haya?"

"Watoto walishatoka, wakaruka. Ni ya zamani hiyo."

"Ya zamani," alirudia Sajenti, akaifunga nyumba ya nyigu kwenye leso yake. Alipoinua macho, Damas alikuwa anatazama bondeni.

*

Mama Apolinaria alikuwa mjane wa kwanza kukubali nyongeza, na Sajenti alimkuta jikoni anapepeta mchele. Alimkaribisha kwenye kigoda, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Kumbe polisi siku hizi wanatuma akina mama. Afadhali. Wanaume wakija kuuliza, wanaanza na kuku."

"Sina njaa, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ni kuhusu Ngollo? Ana mdomo mchafu yule. Lakini sikumdhania mambo ya usiku."

"Nataka unieleze jambo moja. Umeme wa Navin na wa Damas, taa ikiwaka, unaona tofauti?"

"Hakuna. Taa ni taa."

"Sasa kwa nini utoe debe zima? Mwaka juzi watu walikula mizizi hapa."

Mama Apolinaria aliweka ungo chini. "Nilitoa mwaka huo huo. Nisikilize. Ule mnara tuliubeba mabegani kutoka stesheni, bega hili hapa bado linaniuma wakati wa baridi. Dizeli inatoka ng'ambo, mpaka mtu aipigie magoti. Ikikosekana tunakaa gizani tunatazamana. Upepo uko juu ya kilima chetu, hauna mwenyewe ila Mungu. Mimi nikiwasha taa nikafungua kitabu cha sala, nataka kujua moshi wa taa ile haukumkohoza mtu. Hilo halina thamani ya debe?"

"Lina thamani."

"Basi. Wengine wana sababu zao. Mwalimu anasema maendeleo. Raymundi anataka wageni waje kupiga picha. Wiki ijayo anakuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kupanda juu na kupima, ili vijiji vingine navyo vipewe. Sasa atapima mihogo."

Sajenti alisogeza kigoda mbele kidogo. "Anapanda juu kabisa? Mpaka kwenye dainamo?"

"Ndivyo tulivyoambiwa kanisani."

"Na kipindi cha mvua, upepo ukitulia, betri hazikuwasumbua?"

"Hata kidogo! Ndiyo ajabu yake. Mwezi mzima jani halitikisiki, betri zinatoka kwa Damas zimejaa. Katekista alitutolea sala ya shukrani. Nani atahoji neema? Nyongeza nimeitoa kwa moyo, kama sadaka, na sadaka haikaguliwi." Alichukua ungo tena, akasita. "Mara moja tu zilitoka nusu nusu. Mwanzo wa Kwaresima. Damas akasema upepo umechoka. Naikumbuka wiki hiyo kwa sababu mikono ilinichubuka kwa kutwanga."

"Kwa nini ulitwanga? Mashine ya Navin si iko hapo?"

"Ilikuwa imezimwa. Navin hakuwa na diz..."

Mama Apolinaria hakulimaliza neno. Mchele ulibaki umetulia kwenye ungo. Walitazamana, na nje jogoo wa jirani akawika asijibiwe.

"Usimwambie mtu," alisema Sajenti Benedikta, akasimama.

"Nimwambie nani," alisema mama, sauti imeshuka, "wakati nimeshasali?"

*

Mashine ya Navin Premji ilikuwa kando ya reli, na mngurumo wake ulisikika hata kabla ya kuiona. Navin alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Alimwona Sajenti, akazima injini mwenyewe, na ukimya ukaja ghafla kama mtu aliyeingia bila hodi.

"Karibu Afande. Kama ni kibali cha dizeli, ninacho. Kama ni Ngollo, yeye mteja wangu, sikatai. Mteja wangu pekee wa betri. Anakuja hapa ananiambia, 'Navin, mimi na wewe ndio wapagani wa kijiji.' Mimi Mhindu naitwa mpagani na Ngollo!"

"Kinu kimeanguka, wateja wote watarudi kwako. Utafaidika."

Navin alimtazama kama hakuelewa. "Nifaidike nini? Umeme wangu si wanautumia siku zote?"

"Nani?"

"Kijiji. Kupitia kibanda cha Damas." Alijipangusa uso. "Ule waya wa akiba."

"Nionyeshe."

Hakusita. Alimpeleka nyuma ya injini, na pale, chini ya gunia la pumba, waya mweusi mnene ulitoka ukutani ukazama ardhini. Walitembea juu ya njia yake, sambamba na tuta la bustani, udongo bado umevimba kidogo mahali palipofukiwa. Uliishia kwenye ukuta wa nyuma wa kibanda cha upepo.

"Damas alikuja mwishoni mwa kiangazi," alisema Navin. "Akasema kinu kinahitaji kupumzishwa, kamati imeamua tusaidiane. Nikishasaga mchana, umeme unaozidi unaingia kwenye betri. Analeta mahindi, mimi nanunua dizeli yangu ya mgao, nasaga mahindi, nauza unga."

"Unamuuzia nani?"

"Hao hao." Navin alianza kucheka, akaona uso wa Sajenti, kicheko kikafia njiani. "Afande. Wao hawajui?"

"Kamati uliiuliza?"

"Mimi? Mwaka huu ambao jirani zangu wote wanafungiwa maduka, niende kuuliza kamati kama wana hakika wanataka kununua kwangu?" Alitikisa kichwa. "Nilikaa kimya. Kimya changu ndiyo hicho, kiandike. Lakini mnara sijaugusa."

*

Mwenyekiti Raymundi alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni pa ofisi. Rangi ilimtoka, ikarudi, ikatoka tena.

"Haya," alisema. "Damas alitudanganya. Nitashughulika naye. Lakini hilo ni kosa lake, na mnara ni kosa la mwingine. Ngollo alikuwa anakichukia kinu. Msumeno ni wa Ngollo. Dhambi mbili, watu wawili. Treni haijapita bado."

Sajenti alijua mzee yule hasemi upuuzi. Waya ulionyesha mwongo, haukuonyesha mkataji. "Nifungulie stoo," alisema.

Ngollo alikuwa amekaa juu ya mifuko ya mbolea, mikono imefungwa nyuma, macho mekundu. Alikuwa mtu mfupi, mpana, na hata kufungwa hakujamfundisha adabu.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akimwamkia kama mama kwa Kinyamwezi. "Umekuja kunipeleka kwa gari la serikali? Mimi sijawahi kupanda daraja la polisi."

"Msumeno wako ulifikaje mlimani?"

"Kwa miguu ya aliyeuazima. Damas alikwenda nao kwake kukata bomba la moshi la bani lake tulipokuwa tunajaza. Tulijaza siku moja, mimi na yeye, tukasaidiana. Hajarudisha."

"Kuna aliyemwona akiuchukua?"

"Tulikuwa wawili. Angeniona nani, tumbaku?"

"Usiku wa kuamkia jana ulikuwa wapi?"

"Motoni! Usiku wa kukazia rangi mtu anakuwa wapi?" Kiburi kikamponyoka, akainama mbele. "Mayu, nakuomba. Mke wangu alikuwa Usoke hospitali na mtoto, karudi jana asubuhi akakuta nimeshakamatwa. Yuko peke yake na ule moto. Kuni zimelowa. Nichapeni, nifungeni, lakini mtu amwonyeshe kuni kavu zilipo. Ziko chini ya kihenge."

Watu wawili walikuwa wamempa Sajenti jibu moja: motoni, usiku wa kukazia rangi. Walijaza siku moja, kwa hiyo usiku wao ulikuwa mmoja. Wote wawili peke yao, hakuna shahidi. Na mmoja wao alikuwa mlimani anakata chuma.

Alimgeukia Raymundi. "Mwenyekiti, wewe unalima tumbaku."

"Tangu enzi za mkoloni."

"Usiku huo, moto ukilala, inakuwaje?"

"Jani linatoa jasho. Rangi ya limau inageuka kahawia, na hairudi hata ukilisha msitu mzi..." Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuona anakopelekwa.

"Twende," alisema Sajenti.

*

Bani la Ngollo lilikuwa linafuka moshi mwembamba. Ng'washi, mkewe, alikuwa na mtoto mgongoni na gogo mikononi, macho yamevimba. Aliposikia wanataka kufungua, alijibana mlangoni na gogo lake.

"Mmenichukulia mume, sasa mnataka na joto? Mkifungua mkaacha wazi, tumekwisha. Afadhali mnipandishe mimi kwenye treni."

"Hatutafungua sisi," alisema Sajenti. "Fungua wewe, kwa kiasi unachokijua. Mwenyekiti atatoa jani moja tu la chini. Likiwa bovu, nitajua la kufanya. Likiwa zuri, mumeo analala nyumbani."

Jani likiwa bovu, Ng'washi ndiye atakayekuwa amewafungulia. Hakuwa ameingia kuangalia tangu arudi. Alichofanya ni kuchochea tu. Alitamka kitu kwa Kinyamwezi chini chini, labda sala, labda tusi, kisha akavuta kidirisha cha mbao kwa upana wa mkono. Joto lilitoka kama pumzi ya ng'ombe. Raymundi aliingiza mkono, akachomoa, na kidirisha kikafungwa papo hapo.

Jani lilikuwa la manjano, jororo pembeni, safi toka kikonyo hadi ncha. Mwenyekiti aliligeuza upande wa pili. Alilinusa. Aliliinua kwenye mwanga, mzee yule ambaye maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya wakadiriaji wa tumbaku akibishania daraja, na safari hii hakupata la kubishia.

"Semeni basi!" Ng'washi alilia.

"Moto huu haukulala," alisema Raymundi taratibu. "Hata kidogo."

"Kuni kavu ziko chini ya kihenge," Sajenti alimwambia Ng'washi. "Amesema nikuambie."

Kwa Damas hawakupiga hodi. Walimkuta ameketi mbele ya tanuri, ovaroli ile ile, anachochea moto mkubwa kupita kiasi, kama mtu anayejaribu kulipia.

"Afande, kidirisha kimekwama," alisema kabla hajaulizwa.

Mwenyekiti alikivuta. Kilifunguka bila shida. Jani alilochomoa lilikuwa na rangi ya gome lililolowa, madoa kahawia yamekimbizana mpaka kwenye mshipa. Alichomoa la pili, akachomoa na la safu iliyofuata juu. Lile la juu lilikuwa bado na manjano, mshipa wake una maji.

"Huku chini kumekwenda, juu bado kunaokoleka," alisema, na hasira ilikuwa haijafika kwenye sauti yake bado, ilikuwa masikitiko ya mkulima tu. "Mwanangu, ulikuwa wapi usiku ule?"

"Nililala usingizi, baba. Nilichoka."

"Ulimwambia Sajenti hukubanduka motoni."

"Sikubanduka. Nililala hapa hapa."

Sajenti Benedikta alifungua leso. Aliliweka lile donge la nyigu juu ya kigogo, katikati yao.

"Hili limetoka ndani ya dainamo yako, Damas. Nyigu hajengi kwenye kitu kinachozunguka. Kinu kimekufa kitambo. Waya wa kwa Navin nimeukanyaga mwenyewe. Wiki ijayo mtaalamu angepanda, angekuta nilichokikuta. Mnara ukianguka kwenye mawe, nani atajua dainamo ilikufa lini? Na msumeno wa Ngollo ulikuwa kwako tangu mjaze bani. Ulilala usingizi? Basi nieleze kwa nini viatu vyako hivyo ukutani vina tope jekundu la mlimani, limechanganyika na unga wa chuma. Hapa bondeni udongo ni mweusi."

Damas hakutazama viatu. Alitazama jani lile la kahawia mkononi mwa Mwenyekiti, na hilo ndilo lililomvunja.

"Kilikufa wakati wa vumbi," alisema. "Septemba. Kilipiga kelele mara moja, kikanyamaza. Nilikipanda kila siku, nikakifungua, nikakifunga. Niliyosomea miezi ile yote hayakutosha. Nikasema Jumapili nitawaambia. Jumapili ikafika, katekista akakiombea kinu. Mlinibeba mabegani, baba, siku niliporudi kutoka mafunzoni! Mlinibeba kama ule mnara. Ningewaambiaje?"

"Na Ngollo?" aliuliza Sajenti. "Yeye ungemwambiaje?"

"Nilijua watamwamini kuwa ni yeye. Alishasema hadharani." Alijifunika uso. "Sikufikiri treni. Nilifikiri watamtoza faini."

"Ulifikiri," alisema Sajenti, akatoa pingu.

*

Njiani kurudi ofisini Mwenyekiti alimvuta pembeni. Uwanja ulikuwa umejaa. Watu walikuja kumwona Ngollo akipelekwa stesheni.

"Sajenti. Ngollo namwachia sasa hivi, na nitamwomba radhi. Damas mchukue. Lakini hili la dizeli... Tuseme kinu kilihujumiwa, Damas anakwenda Tabora kutoa ushahidi. Mgeni aje, atuonee huruma, tupewe kingine. Ukiwaambia hawa kwamba walikuwa wanatoa debe la njaa kwa ajili ya moshi wa Navin, hakuna atakayeongeza hata punje tena. Si kwa upepo, si kwa kisima, si kwa shule."

"Na Ngollo tuseme alilala stoo kwa sababu gani?"

"Tutatafuta sababu."

"Sababu mlishaitafuta jana," alisema Sajenti Benedikta. "Ndiyo iliyonileta."

Alipanda kizingiti cha ofisi. Hakuhutubia. Alisema kinu kilikufa lini, umeme ulitoka wapi, nani alikata waya na kwa nini, na kwamba Ngollo hana kosa. Maneno machache, kwa sauti ya kusoma tangazo. Alipomaliza, mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mtu mmoja nyuma alianza kutukana, akanyamazishwa. Navin alikuwa amesimama mbali, karibu na reli, unga bado kwenye kope, tayari kukimbia.

Mama Apolinaria alisogea mpaka mbele ya Damas. Watu walidhani atampiga.

"Ile Jumapili tuliyotoa sala ya shukrani," alisema. "Wewe ulikaa benchi gani?"

Damas aliinua macho. "La mbele, mama."

"Ukaitikia amina?"

"Niliitikia."

Alimwangalia kidogo tena, kisha akajitoa mbele yake kama mtu anayepisha maiti.

Mgambo walimleta Ngollo. Alikuwa anajisugua vifundo vya mikono, amekunja uso kwa mwanga wa jioni. Njia ilifunguka katikati ya watu, na pale katikati walikutana, mmoja anatoka kifungoni na mwingine anaingia. Kila mtu alikuwa anajua mdomo wa Ngollo. Wengine walishaanza kuinamisha vichwa, wakijua matusi yatakayokuja yatawahusu nao. Mbali, upande wa Urambo, treni ilipiga honi.

Ngollo alimtazama Damas, pingu, ovaroli.

"Limekwenda lote?" aliuliza.

Damas hakuelewa. Halafu akaelewa. "Safu za chini. Za juu mshipa bado mbichi."

"Kuni?"

"Nyuma ya bani. Zimebaki kidogo."

"Mjinga mkubwa wewe," alisema Ngollo. "Msumeno wangu umeuacha kwenye mvua."

Akampita. Hakwenda kwake, ambako moshi wa Ng'washi ulikuwa unapanda mnyoofu. Alishika njia ya upande wa pili, anatembea haraka, mikono bado imekufa ganzi anaikung'uta.

"Anakwenda wapi yule?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kuchochea moto," alisema Sajenti Benedikta, akamshika Damas mkono, wakaelekea stesheni.